Siku nane Mafia, kumtafuta pono

Jumapili

Safari hii chanzo chake ni swali la mtoto. Nafundisha Kiswahili Kongwa, mkoani Dodoma, nchi ya ng'ombe na vumbi, na mwezi wa kumi nilikuwa ubaoni na nahau zangu. Nikaandika "usingizi wa pono", nikaeleza kwamba ni usingizi mzito, ule wa mtu kubebwa na godoro lake asijue. Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, pono ni nani?"

"Samaki."

"Sasa samaki analalaje?"

Nikasema tuendelee na inayofuata. Inayofuata ilikuwa ya pweza kujipalia makaa. Mkono ukanyooka tena.

Usiku ule nilijihesabia aibu yangu: pono, pweza, nguva, potwe, kasa, chazo. Miaka kumi na saba ninawalisha watoto wa wafugaji maneno ya watu wa pwani, na kati ya viumbe hao sijamwona hata mmoja akiwa hai. Shule zilipofunga Desemba nikachukua begi na daftari.

Leo asubuhi nimepanda basi Mbagala Rangi Tatu. Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, kisha kushoto hadi Nyamisati, ambako barabara inaishia kwenye tope. Boti ipo, abiria tupo, mizigo imepakiwa, lakini maji hayapo. "Maji bado," kila mtu ananiambia, bila haraka yoyote. Kwetu gari likichelewa mtu analaumiwa. Hapa nani amlaumu mwezi?

Kusubiri kumenifaa. Chini ya gati tope lilikuwa likitembea. Nilipoinama nikaona samaki wa urefu wa kidole, macho juu ya kichwa kama ya chura, wakijikokota kwa mapezi ya kifuani, wakirukiana na kugombania viwanja. Samaki nje ya maji, wazima, na hawana wasiwasi. Mzee mmoja muuza kaa alinieleza kwamba mradi ngozi isikauke wanavuta hewa kupitia ngozi na mdomo. Ndiyo maana kila baada ya muda mmoja hujibiringisha kwenye dimbwi. Akachuma jani la mchu akanipa nilirambe. Chumvi tupu. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitema chumvi kwenye majani, na mizizi yake huchomoza topeni kama misumari ili ipate hewa. Mkoko nao hauangushi mbegu kama miti mingine. Mbegu huota ikiwa bado mtini, ikashuka kama mkuki, ikajichoma topeni. "Huu mti unazaa, mwalimu," akasema mzee. "Hautagi."

Huu ndio msitu wa mikoko ya delta ya Rufiji, mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humu ndani miezi kadhaa huku Waingereza wakiizunguka nje, hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Ukipita kwenye mikondo hii hushangai. Hata sisi, boti ya abiria hamsini, tulimezwa kabisa.

Maji yalikuja saa nane na nusu. Tulipotoka kwenye mlango wa mto, nahodha alinyoosha kidole kusini, akasema kule, zamani, ndiko walikokuwa nguva. Nikamwambia shuleni tunamchora nguva nusu mwanamke nusu samaki. Akacheka sana. Yeye alimwona mmoja utotoni, amenaswa kwenye wavu wa jarife: mnyama mnene, ngozi ya kijivu, mdomo mpana umeelekea chini kama fagio. Hula majani ya baharini. Si samaki, huja juu kuvuta hewa, hunyonyesha, na katika wanyama wa nchi kavu jamaa yake wa karibu ni tembo. Chuchu zake ziko karibu na kwapa, na hapo ndipo mabaharia wapweke walipoanzia hadithi zao, ambazo nyingine si za kuandika kwenye daftari la mwalimu. Huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya mwingine. Kwa mwendo huo jarife linammaliza. Eneo hili la Rufiji, Mafia na Kilwa ndilo tegemeo lake la mwisho Tanzania, na nahodha, mtu wa bahari maisha yake yote, tangu yule wa utotoni hajamwona mwingine.

Kilindoni tumefika jua linazama. Nimetapika mara mbili.

Jumatatu

Leo ilikuwa siku ya potwe. Samaki mkubwa kuliko wote duniani, papa asiyeuma mtu, na hapa Kilindoni huja karibu na pwani kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Wakenya humwita papa shilingi: eti Mungu alipomwumba alifurahi mno, akammwagia sarafu mgongoni. Nilikuja na hiyo hadithi mfukoni.

Tumezunguka saa nne. Tumeona panzi, wale samaki wenye mapezi marefu kama mabawa, wakichomoka majini na kuteleza hewani mbele ya boti. Tumeona ndege, tumeona mifuko ya plastiki. Potwe hatukumwona. Wazungu wawili tuliokuwa nao walinyamaza kwa adabu. Mimi sikuwa na nguvu hata ya kunyamaza kwa adabu. Nilikuwa nimelala sakafuni na ndoo.

Jioni bodaboda hadi Utende. Nikalala saa moja.

Jumanne

Mwezi unaandama leo. Kila mtu Utende anaongea habari ya bamvua, na mimi niliyekuwa nikiliandika neno hilo ubaoni kama msamiati tu, leo nimeona linavyopanga ratiba ya kijiji kizima. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu maji hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Katikati ya hapo ni maji mafu. Ukimwuliza mtu tukutane lini, hakwambii Alhamisi. Anakuuliza maji yatakuwaje.

Kijana mwongozaji alinivisha koti la kuelea na miwani ya majini, akanishusha kwenye ghuba la Chole kama mtu anayeshusha gunia la mkaa. Nimeshika kamba. Nimeingiza uso majini. Nikapiga kelele ndani ya bomba, kwa sababu chini yangu palikuwa na soko.

Sitaorodhesha rangi, nitaishiwa. Nitasema viwili.

Cha kwanza ni samaki wadogo wa rangi ya chungwa, wana mstari mweupe mgongoni, wanaoishi ndani ya mnyama aliyeshikamana na jiwe, mwenye vidole vingi laini vinavyowasha. Ni ndugu wa konyeza. Samaki wengi wadogo wakimgusa anawachoma, hata kuwaua. Hawa wamepakwa ute unaowakinga, wanalala humo kama mtoto kitandani. Kijana akanieleza juu ya boti: katika kila nyumba mkubwa ni mama, wa pili kwa ukubwa ni mumewe, wengine wote ni madume madogo yanayongoja. Mama akifa, mume hageuki mjane. Anageuka jike. Yule aliyekuwa wa tatu anapanda cheo anakuwa mume. Chewa wengi wao huenda kinyume: huanza majike, wakikua wanageuka madume. Na pono? Nikamwuliza haraka. Pono pia, akasema, wengi wao jike huweza kugeuka dume na rangi zake zikabadilika zote. "Lakini pono wako tutamtafuta kesho usiku. Mchana hana maana, anakula tu."

Na kweli alikuwa anakula. Nilimwona wa kwanza, wa kijani na samawati, ana mdomo kama wa kasuku, akitafuna jiwe. Nilimsikia! Kru, kru, kama punda na mahindi makavu. Hung'ata matumbawe na miamba apate mwani, husaga jiwe kwa meno yaliyo kooni, na kinachotoka nyuma ni mchanga mweupe safi. Pono mkubwa hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Ule mchanga wa kwenye kalenda, ambao watu wanapigia picha za harusi, sehemu yake kubwa imepita tumboni mwa pono. Sijui kama nitalisema hilo darasani.

Cha pili ni jongoo bahari. Huyu amelala mchangani kama soseji iliyosahauliwa. Hana macho, hana ubongo wa kusema ni ubongo. Anakula mchanga, anauchuja, anautoa. Anavuta pumzi kwa nyuma, kwa tundu lile lile la haja. Na humo humo, wakati mwingine, anakaa samaki mwembamba kama kalamu, ambaye mchana hujificha ndani ya jongoo na usiku hutoka kutafuta chakula. Akirudi, husubiri jongoo afungue kuvuta hewa, akaingia kwa mkia. Kuna wapangaji wabaya, lakini huyu!

Jumatano asubuhi

Maji yalipwa saa nne hivi, yakaenda mbali hadi nikadhani hayarudi. Bahari iliyokuwa imenitisha jana imegeuka uwanja wa mawe, madimbwi na nyasi zinazolala. Wanawake walikuwa wamekwisha shuka, kanga zimefungwa kiunoni, kila mmoja na fimbo mbili: ya kuchokolea na yenye ncha ya chuma.

Nilifuatana na bibi mmoja wa Chole. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Umekuja kuvua kwa kalamu?" Kisha akaniambia nikanyage pale anapokanyaga yeye tu, kwa sababu ya mashokole na miiba.

Nilikuwa natazama mawe. Yeye alikuwa anatazama nyumba. Pweza, akaniambia, ni mtu wa usafi. Akila kaa na chaza hutupa maganda mlangoni. Ukiona maganda mapya na mawe yamepangwa, mwenyeji yupo. Akachokoa shimo moja, taratibu, kama anayebisha hodi. Mkono ukatoka ukaishika fimbo. Bibi akavuta, akatoboa kwa ile ya chuma, na pweza akaja juu akiwa amekasirika: mwekundu, mweupe, wa madoa, kahawia ya jiwe, yote ndani ya muda wa kuvuta pumzi moja. Kinachonishinda ni hiki: macho yake hayatofautishi rangi. Anavaa nguo asizoziona. Ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu.

Nikamwuliza bibi habari ya makaa. Alinitazama kama mimi ninavyomtazama mtoto asiyejua alifu. Akasema, "Hujamwona akichomwa?" Mchana akanionyesha kwenye jiko lake. Mikono ilipopata moto ilijikunja, ikajikusanya kuelekea mwilini, na kila kikombe kikabeba kijipande cha kaa la moto na kukivuta juu ya mgongo wake mwenyewe. Anajipalia. Miaka kumi na saba nimeeleza kwamba ni "kujitafutia matatizo", na watoto wakaandika hivyo, wakapata alama.

Jike la pweza hutaga mara moja tu. Hulinda mayai shimoni, huyapepea maji, hali, na mayai yakianguliwa naye anakufa. Ndiyo maana vijiji kadhaa vya pwani hii vimeanza kufunga baadhi ya miamba kwa miezi mitatu hivi, kisha kuifungua. Pweza hukua haraka mno, na waliosubiri hubeba wakubwa. Bibi analiunga mkono jambo hilo, ila ana maneno makali kwa wanaume wanaokuja na miwani na kuvua kwenye kina ambacho yeye hafiki. Zamani mwamba ulikuwa wa wanawake. Siku hizi supu ya pweza imepata sifa mjini, sababu mnaijua, na sifa imeleta wanaume.

Kwenye dimbwi moja niliokota kitu laini, cha zambarau, chenye pembe mbili ndogo. Nikamwuliza jina lake.

"Hicho hakina jina," akasema bila kugeuka. "Hakiliwi."

Jumatano usiku

Maji yamepwa tena, saa nne na nusu usiku. Giza la mwezi mchanga, nyota mpaka chini. Kijana mbele na tochi, mimi nyuma na viatu vya plastiki vilivyonibana.

Kabla ya mwamba tulivuka maji ya magoti. Kijana akasema, "Zima tochi, mwalimu. Tembea." Nikatembea, na miguu yangu ikawaka. Kila hatua ilimwaga cheche za kijani kibichi na buluu. Nikipiga kofi maji, vidole vinaandika. Nilirudi nyuma hatua tatu nikaenda tena mbele, kama mwehu, ili tu kuona. Ni viumbe vya chembe moja, wadogo wasioonekana kwa jicho, ambao wakitikiswa humulika. Wanasayansi wengi hudhani ni kilio cha kuomba msaada: mdudu akija kuwala, wao wanawaka, na samaki mkubwa anamwona mdudu. Ni kama kuwasha taa zote za nyumba mwizi akiwa sebuleni.

Tulitafuta karibu saa nzima. Tuliona kamba wenye macho mekundu, tuliona nyoka ambaye alikuwa samaki mkunga, na mimi nikajikwaa. Kisha kijana akachuchumaa kwenye dimbwi la kina cha kiuno, chini ya jiwe lililotokeza kama baraza, akanyoosha tochi.

Alikuwa amelala ubavu kidogo, ameegemea ukuta, mapezi yametulia. Na alikuwa amefunikwa. Kuanzia mdomoni hadi mkiani, kitu chembamba kinachoonekana na kisichoonekana, kama ute wa yai ulioganda kidogo, kama mfuko wa nailoni uliojaa maji. Vumbi la mchanga lilikuwa limetua juu yake. Wapo pono, si wote, ambao kila jioni hutoa ute kupitia matezi yaliyo karibu na matamvua, wakajitandia chumba kizima, na asubuhi wanakichana wanaondoka. Kijana akamulika machoni kabisa. Hakushtuka. Ndivyo wavuvi wanavyowachukua usiku, kwa mkono, akasema; sisi tulimwacha.

Zamani ilidhaniwa mfuko huo huficha harufu yake asinuswe na mkunga, na huenda ni kweli pia. Lakini mwaka 2010 watafiti huko Australia waliwavua pono mifuko yao bila kuwaamsha, wakawaweka pamoja na vidudu vinavyonyonya damu ya samaki usiku. Waliovuliwa waliumwa wengi. Waliobaki na mifuko, wengi wao walilala salama.

Chandarua. Pono analala vile kwa sababu ana chandarua.

Nilikaa juu ya jiwe, tako likiwa majini, nikamtazama mpaka kijana akasema maji yanarudi.

Alhamisi

Mwili wote unauma. Tumevuka kwenda Juani. Magofu ya Kua yapo, mibuyu imekaa ndani ya misikiti, lakini nilikuja kwa ajili ya kasa, nikawa nimekosea msimu. Hapa wengi huanguliwa katikati ya mwaka, upepo wa kusi ukivuma. Niliona mchanga tu na vijiti vya alama. Mlinzi alinieleza kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua: ukiwa wa moto zaidi hutoka majike, wa baridi madume. Na jike akikomaa, baada ya miaka mingi baharini, hurudi kutaga eneo lile lile alikozaliwa.

Kilichonilipa nauli ni habari ya chazo. Huyu ni samaki mwenye kisahani cha kunyonyea juu ya kichwa. Hujibandika kwa papa na kasa akasafirishwa bure. Wazee wa Unguja na Wabajuni wa huko Lamu walimgeuza ndoana. Walimfunga kamba mkiani, wakamfuga majini, wakimwona kasa wakamwachia. Chazo akakimbilia akabandika, nao wakavuta kamba polepole, kasa akaja. Leo kasa analindwa kisheria na mchezo huo haufai kurudi, ila nakiri nililala nikimwaza mtu wa kwanza aliyeangalia samaki yule akapata wazo.

Ijumaa

Watu hawajaenda baharini. Baada ya sala tulikaa barazani na kahawa, na mvuvi mmoja aliyewahi kufanya kazi Tanga akaleta habari ya silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu.

Nimeiandika kwa sababu inapingana na daftari langu. Wengine wote niliokuja kuwatafuta wana jina la zamani na msemo. Huyu hana. Aliishi chini, mita mia na zaidi, kwenye miamba ya giza ambako nyavu za Waswahili hazikufika. Wataalamu walimjua kwa mabaki ya mawe tu, wakasema alitoweka pamoja na mijusi wakubwa wa kale, miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita. Halafu Desemba 1938 meli ya uvuvi karibu na East London, Afrika Kusini, ikamtoa mmoja mzima, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo akamtambua kuwa si wa kawaida. Profesa J.L.B. Smith akasambaza karatasi zenye picha, zawadi pauni 100 kwa atakayeleta wa pili. Ilichukua miaka kumi na minne, hadi 1952, huko Komoro. Na Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote! Humwita gombesa, na hawakumthamini kwa sababu nyama yake ina mafuta ya kuharisha.

Kwetu alionekana mara ya kwanza 2003, Songo Mnara, Kilwa, kusini tu mwa hapa. Muda si mrefu Tanga nao wakaanza kuwatoa kwenye majarife ya kina kirefu, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mvuvi alisema mapezi yake ni kama mikono minene, na huyachezesha kwa kupishana, kama mbuzi anavyotembea. Utafiti wa 2021 umekadiria kwamba mimba yake huchukua miaka mitano na kwamba huishi hadi karibu miaka mia.

"Tulimwogopa," akasema. "Ana macho ya kijani yanayowaka."

Nikamwuliza kama kuna methali ya silikanti. Baraza zima likafikiri kwa dakika nzima. Hakuna.

Jumamosi

Nimerudi Kilindoni jana jioni, na leo nimejaribu tena. Sikula kitu, nimeshika limau.

Maji upande huu ni ya kijani na mazito, uone mkono wako basi. Rufiji inamwaga rutuba, rutuba inakuza uduvi na dagaa, na potwe anafuata supu. Saa tatu nahodha akazima mashine. Ndege walikuwa wakizama mahali pamoja. Kisha karibu na boti maji yakawa meusi, na weusi huo ukawa na madoa.

Nikaruka. Mimi, mtu wa Kongwa. Koti la kuelea likanigeuza mgongo, nikajigeuza, nikaweka uso majini, na hapakuwa na kitu ila ukungu wa kijani. Halafu ukungu ukafunguka: mdomo. Upana wa mlango, wazi, unakuja kwangu, unavuta maji na kila kilichomo. Kuna vijino zaidi ya elfu tatu mle, vidogo kama punje za mtama, ambavyo havitafuni chochote. Akanipita kwa upole wa basi linaloegesha. Jicho dogo, la pembeni. Nalo limezungukwa na vijino vya ngozi, vimeota juu ya jicho lenyewe. Kisha madoa, madoa, mistari, madoa, urefu mzima wa mwili, na tumboni wamebandika chazo wawili. Chazo! Nilimsalimia kama mtu wa kwetu.

Huyu alikuwa kama mita sita, na nahodha akasema bado kijana, wengi wa hapa ni madume wachanga. Wakubwa wanaweza kufika mita 18. Mimba hazionekani ovyo: jike lililovuliwa Taiwan mwaka 1995 lilikutwa na watoto wapatao 300 tumboni, na mpaka leo elimu yetu ya uzazi wa potwe inamtegemea sana yule mmoja.

Madoa ni kitambulisho, hakuna wawili wanaofanana. Watafiti hupiga picha ubavu wa kushoto na kulinganisha kwa programu ambayo hesabu zake zilitungwa na wanaanga kulinganishia nyota angani. Wale wazee wa shilingi walitazama juu ya mgongo huo wakaona fedha. Hawa wakaona anga. Vifaa vya sauti walivyofungwa baadhi ya potwe wa Mafia vimeonyesha jambo ambalo wavuvi nao huhisi: msimu ukiisha wengi hawaendi mbali. Wanashuka chini zaidi, mbali kidogo na pwani, wakawa hapa hapa bila kuonekana.

Nilipopandishwa botini nilikuwa nalia, na sikujua ni chumvi au ni mimi. Nikatapika limau.

Jumapili

Tumechelewa kuondoka Kilindoni, mashine ilikataa kuwaka, na tumefika mlangoni mwa mto maji yakiwa yamepwa. Boti imekaa topeni, imeinama upande. Hakuna aliyelalamika, mama mmoja ametoa vitumbua, tumegawana. Wale samaki wa macho ya juu wametuzunguka, wanarukiana.

Nahodha amejilaza juu ya marobota ya mikeka, mkono umefunika uso. Nilitaka kumwuliza maji yatajaa saa ngapi. Mwanafunzi wake akanizuia.

"Mwache mwalimu, amelala usingizi wa pono."

Nikatazama. Mbu wa mikokoni walikuwa shingoni, mguuni, sikioni, na kila baada ya muda nahodha alijipiga kofi, akakoroma, akajipiga kingine. Nikatoa kanga niliyomnunulia mke wangu, nikamfunika kuanzia kichwani hadi miguuni.